Bahari Niliyoishi Nayo Miezi Tisa

Jumatano, tarehe 3 Julai. Ilongero.

Wote wanaikosea. Wote! Hadithi yangu ya papa inazunguka Ilongero nzima na hakuna hata mmoja anayeisema sawasawa. Antipasi wa dukani anasema nilimpiga papa kwa kasia. Nani kamwambia kasia? Ni mchi. Mchi wa kutwangia! Ulikuwa mtumbwini kwa sababu tulikuwa tunaupeleka harusini. Mlevi mmoja pale kilabuni anasema papa alikuwa mkubwa kama mbuzi. Mbuzi! Alikuwa kama dume la ng'ombe, tena dume la maonyesho ya Nane Nane. Na mwaka ni 1979, siyo 1980. Na Kisiwa cha Ukombe nilikaa miezi tisa, siyo sita. Ndiyo maana naandika. Kuandika nilijifunzia ngumbaru. Mwalimu alisema mkono wangu ni wa jembe lakini kichwa ni cha waziri.

Leo upepo unakata masikio. Julai ya kwetu haina huruma, hata mbuzi wamebanana ukutani kama wako foleni ya zahanati. Nimekaa juani na uji wangu, huyo Obadia anakuja. Obadia ni fundi wa kuchomelea, Mnyiramba wa Kinyangiri, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani hata akikutukana mbele ya mkeo unatakiwa ucheke. Mimi ndiye niliyefunga ndoa kanisani na Marietha, lakini yeye ndiye anayemwita "mke wangu". Ni mwaka wa ishirini na mbili anamwita hivyo. Nacheka. Nifanyeje?

Sasa huyo Obadia alinunua gari kuukuu, Coaster lililokuwa linabeba wanafunzi. Akang'oa viti. Akaweka vitanda, jiko la gesi, mapazia, na pipa la maji juu ya paa. Aliona kwenye simu Wazungu wanakimbia baridi ya kwao wakiwa ndani ya nyumba ya magurudumu, wanakwenda kuota jua baharini. Ubavuni kaandika kwa rangi nyekundu: HAMAHAMA. Nimemcheka miezi minne. Nilimwambia hata konokono ana nyumba mgongoni na hajawahi kufika Dodoma.

Leo kaja kusema limekwisha. Keshokutwa linaondoka. Kwenda wapi? Baharini! Abiria nani? Mimi na Marietha, bure, tukimbie baridi wiki moja. Dereva yeye. Na wa kuonyesha njia nani? Mimi. Kwani nani mwingine Ilongero hii ameishi Ukombe miezi tisa?

Marietha kaacha kupepeta mtama. Kakaa chini na ungo wake. Kasema, "Baba Emilian, Mungu kasikia."

Sasa niandike jambo ambalo halijui mtu. Sijafika Ukombe. Sijafika baharini. Mwaka 1979 nilikuwa Manyoni, stesheni, napakua magunia ya chumvi. Mwenzangu mmoja mtu wa pwani ndiye aliyekuwa na papa. Yeye akahama kazi, mimi nikabaki na papa wake. Nikaja naye nyumbani. Nikamwoa Marietha kwa papa huyo.

Hili lisingekuwa neno. Kila mzee ana uongo wake. Lakini Marietha ana dada, Theresia, yuko Mwankoko. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara, Theresia alisema mbele ya watu na pilau mkononi kwamba maji makubwa niliyowahi kuyaona mimi ni ya Ziwa Singidani. Marietha akasimama. Akasema anayemwita mume wangu mwongo si ndugu yangu. Tangu siku hiyo hata salamu hakuna. Msiba wa mama yao walikaa pembe mbili za uwanja. Kwa ajili ya papa wangu! Na leo Marietha kasema tukirudi atapitia Mwankoko, asimame mlangoni kwa Theresia, amwambie: nimeiona kwa macho yangu, na yote aliyosema mume wangu ni kweli.

Lazima safari hii ife. Lazima!

Alhamisi, tarehe 4 Julai.

Nimeugua. Alfajiri nimeamka na kiuno. Nimelia vizuri sana, hata mbwa kaja kuangalia. Nikasema mama Emilian, nendeni wenyewe, mimi niacheni nife taratibu.

Marietha kachemsha mafuta ya alizeti, kanipaka kiuno kizima yakiwa bado yanatoa moshi. Safari hiyo nililia kweli. Halafu kaitwa Obadia. Obadia kanitazama, shikamoo yenyewe kanipa akiwa ameegemea mlango. Kasema Hamahama lina kitanda, mgonjwa atasafiri amelala kama bwana mkubwa. Na dawa ya kiuno ni nini? Si maji ya bahari? Kasema, "Mughwai, si wewe mwenyewe ulituambia kule Ukombe kiwete alioga siku tatu akatupa fimbo?"

Nilisema. Nilisema mwaka juzi, kwenye arusi, na niliongeza kwamba aliitupa kwa mkono wa kushoto.

Marietha anafunga mizigo anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mama yake afe.

Ijumaa, tarehe 5 Julai. Dodoma.

Siku ya laana.

Asubuhi Obadia kaja na Hamahama, kaingia bandani kwangu, kamkamata jogoo wangu mwekundu, kamfunga miguu, kamtia garini. Kasema ni kitoweo cha safari, mtani haombi. Watu wote wakacheka. Nikacheka. Moyoni nikamzika jogoo.

Mpango wangu ulikuwa Ikungi. Obadia kashuka kununua maji, mimi nikafungua kifuniko cha injini, nikaona waya mmoja mwembamba, nikauchomoa. Kwisha habari! Gari halitawaka, tutarudi nyumbani kwa bodaboda, nitamlaumu fundi. Nikasikia Obadia anarudi. Nikaogopa. Nikauchomeka tena haraka haraka, nadhani si pale ulipokuwa.

Gari likawaka. Na honi ikawaka nayo. Ikakataa kunyamaza! Obadia kapiga ngumi usukani, wapi. Kasema tukifika Dodoma atatengeneza, mchana wote hatuwezi kuumaliza kwa ajili ya honi. Kwa hiyo tumetoka Ikungi mpaka Manyoni tunalia kama msafara wa bibi harusi. Issuna watoto walikimbia nasi. Mzee mmoja alivua kofia, sijui alidhani tumebeba nani.

Na Manyoni ndipo nilipotaka kupita kimya kuliko mahali popote duniani! Wapo wanaonijua pale. Nikajitia chini ya kitanda pamoja na jogoo. Nikasema kiuno. Honi inalia, watu wanakuja kutazama, Obadia kasimamisha gari ili Marietha anunue vitunguu. Nikasikia sauti ya bibi muuza vitunguu, na sauti ile naijua. Catherine! Alikuwa akitupikia pale stesheni. Marietha anamhadithia mbio mbio, tunakwenda baharini, mume wangu Mughwai aliishi kisiwani ujana wake. Catherine kasema anamkumbuka Mughwai mmoja wa Singida, mfupi, mpakuaji chumvi, alikuwa mwoga hata mvua ikinyesha anakwenda kukaa ndani ya behewa.

Nikaacha kupumua. Jogoo akanidonoa sikio. Nikavumilia.

Marietha kasema, "Bibi, Mughwai wapo wengi. Wangu hajaogopa maji tangu azaliwe."

Nimelala chini ya kitanda mpaka Bahi. Kiuno sasa kinauma kweli.

Jumamosi, tarehe 6 Julai. Chalinze.

Honi imenyamaza. Mimi nimebaki.

Njia nzima Marietha ameniomba nimsimulie Ukombe, nami nimesimulia, mdomo huu sijui aliuumba nani. Leo nimeongeza mchungaji wa kisiwani aliyekuwa akihubiri kwa samaki. Marietha kauliza samaki walikuwa wanakaa upande wa wanaume au wa wanawake. Obadia kacheka hadi karibu atuangushe Mikese.

Tuliposimama kupoza injini, Obadia kaenda kutafuta maji. Tulibaki wawili. Marietha kasema polepole kwamba miaka hii kumi na moja imekuwa mirefu. Kasema Theresia ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Kuna siku anapika ugali anakuta kaweka unga wa watu wanne, wa kwetu na wa akina Theresia, halafu anakumbuka. Kasema lakini haki ni haki, mume hawezi kutukanwa mbele ya pilau nikanyamaza.

Nikafungua mdomo. Mungu ni shahidi, nilitaka kusema. Nikasema, "Mama Emilian, ile habari ya Ukombe..." Kasema ehe? Kaniangalia na yale macho. Nikasema, "Ile habari ya Ukombe, mchi ulikuwa wa mninga."

Mwoga mimi! Catherine alisema kweli.

Hapa Chalinze nimemfuata utingo wa lori kwa siri, nikamuuliza bahari inafananaje. Kaniambia ni maji mengi, ya bluu, yana chumvi, ng'ambo huoni. Basi? Kasema basi. Nimekariri. Tumaini langu limebaki moja: huenda Ukombe haipo. Huenda yule mwenzangu wa stesheni naye alikuwa mwongo kama mimi.

Jumapili, tarehe 7 Julai. Ufukweni, mbele ya Bagamoyo. Jioni.

Ukombe ipo.

Mtu wa kwanza tuliyemuuliza Bagamoyo katuelekeza kama anaelekeza chooni kwake. Saa nne na nusu asubuhi tumeshuka kwenye minazi, na pale mbele yetu, bahari.

Marietha kashuka. Kavua kandambili. Katembea mpaka mchanga ulipoanza, kasimama, kapiga goti kidogo kama anavyofanya kwa wakubwa, kasema, "Shikamoo."

Obadia hakutania. Mimi nilitaka kurudi chini ya kitanda.

Lakini nikaona jambo. Maji yalikuwa mbali! Mbele yetu uwanja mpana wa mchanga, mgumu, umenyooka, hata mpira ungechezwa. Na katikati ya uwanja huo, kama mwendo wa kutoka kwangu mpaka kanisani mara mbili, kisiwa kidogo chenye miti. Ukombe. Pakavu mpaka pale! Roho ikanirudi. Nikanyoosha mkono kama mwenye nyumba. Nikasema wanangu, mtumbwi hauna haja, twende na gari mpaka mlangoni. Nitawaonyesha nilipokuwa nalala.

Obadia kashuka, kakanyaga mchanga, kasema mbona umelowa. Nikasema umande. Kasema umande saa nne? Nikamwambia, mtani, kwenye vyuma ongea wewe, kwenye bahari niachie mimi. Marietha kamwambia, "Msikilize baba Emilian. Hapa ni kwake."

Hapa ni kwake! Niliyasikia maneno hayo kama pombe ya asali. Tukaenda. Hamahama lilitembea vizuri kuliko kwenye lami. Tukaegesha katikati, kati ya nchi kavu na kisiwa. Nikapachagua mimi mwenyewe, palikuwa na upepo mzuri. Tukatoa mkeka, jiko, na jogoo akachinjwa. Nikaonyesha: pale papa, pale harusi, pale mchungaji. Marietha anauliza, mimi najibu. Saa nzima nilikuwa mtu wa Ukombe. Ingeishia hapo.

Kapita mama mmoja na chuma chake cha kuchokolea pweza, kanga kaifunga kiunoni, pweza watatu begani. Kasema shikamoo babu, liondoeni gari, leo ni bamvua, maji makubwa, saa saba yatakuwa hapa. Nikamshukuru. Nikamwambia mama, usihangaike, mimi ni mwenyeji. Kauliza mwenyeji wa kwa nani? Nikasema zamani, hukuwa umezaliwa. Kaniangalia, kaangalia gari, kasema haya, kaenda zake kwa haraka.

Mimi nilijua maji yatakuja hapa yametoka wapi? Nina miaka sitini na minane. Ziwa Singidani liko pale pale. Ziwa Kindai liko pale pale. Masika likiongezeka linaongezeka kidogo kidogo, wiki nzima, na wewe unaliona unahamisha mbuzi. Sijaona ziwa linatoka nyumbani kwake asubuhi na kurudi mchana! Yule utingo wa Chalinze hakuniambia. Nimlaumu nani?

Jogoo alikuwa bado mgumu sufuriani nilipoona mkeka unaogelea.

Hayakuja kutoka mbele. Yalikuja kutoka kila upande, kimya, kama wageni wasioalikwa. Obadia karuka garini, kawasha, magurudumu yakachimba yakazama. Kawasha tena. Yakazama zaidi. Nikasukuma. Nikasali. Maji yakafika magoti. Watu wakatoka kijijini wanakimbia, wanapiga kelele, vijana wawili wakambeba Marietha juu juu na sufuria kashika mkononi. Mimi alinikokota yule mama wa pweza, kanishika ukosi kama ndama.

Tukasimama kwenye minazi tukaangalia. Saa kumi maji yalikuwa kwenye madirisha. Neno HAMAHAMA lilizama herufi zote. Halafu honi ikaanza kulia yenyewe. Ikalia muda mrefu, sauti ikawa nene, ikawa ya ng'ombe anayekufa, ikakatika.

Yule mama kamuuliza Marietha, kwa upole kabisa wa watu wa pwani, kwamba mzee wenu huyu, kweli amewahi kuishi pwani? Kasema hata mtoto wa miaka minne hapa anajua maji yanakupwa na kujaa mara mbili kila siku.

Mara ya kwanza katika miaka arobaini na mitatu, mtu ananitilia shaka na Marietha hajibu.

Jumatatu, tarehe 8 Julai.

Maji yametoka. Yamerudi kwao kana kwamba hayakufanya kitu. Watu ishirini wamevuta Hamahama kwa kamba mpaka kwenye minazi. Kitandani palikuwa na kaa.

Obadia kafungua injini, kamwaga maji ya chumvi na mchanga. Anasema atabaki hapa mpaka aikaushe, mwezi, miezi miwili, hajui. Nimemwambia pole. Nimejaribu utani, nikasema sasa mtani umepata shamba la chumvi. Hajanitukana. Hajamwita Marietha "mke wangu". Kaniita "mzee", kwa adabu. Mtani akianza kukuheshimu, jua amekuzika.

Saa sita Marietha kaniita tukakae pembeni, kwenye gogo. Bahari ilikuwa mbali tena, inajifanya haitujui. Hakupandisha sauti. Kasema ataniuliza mara moja tu, na nitakalosema atalichukua lilivyo. Kasema, "Baba Emilian. Theresia alisema kweli, au hakusema kweli?"

Mlango ulikuwa wazi. Niandike hivyo. Ulikuwa wazi kabisa, na alikuwa ameushikilia yeye mwenyewe nipite. Neno lilikuwa moja. Hata ngumbaru lile neno tulifundishwa kuliandika.

Nikasema, "Mama Emilian, zamani bahari haikuwa inatembea. Imeanza juzi juzi, tangu meli zilivyozidi."

Marietha akacheka. Alicheka sana, akashika mbavu, kanga ikamdondoka, akasema we mzee utaniua. Basi. Yameisha vizuri.

Jumatano, tarehe 10 Julai.

Tumerudi kwa basi. Viti vilikuwa pamoja, yeye dirishani. Toka Dodoma mpaka Singida nimemwonyesha vitu vingi vya njiani. Alikuwa anaitika, ndiyo, ndiyo.

Stendi nikachukua mizigo twende Ilongero. Kasema mimi napitia Mwankoko. Nikasema vizuri, twende wote, tukamwonyeshe huyo Theresia. Kasema hapana. Kachukua mfuko wake mmoja, mwingine kaniachia. Nikamwangalia akipanda bodaboda, kakaa upande upande, mfuko mapajani. Nikapiga kelele umwambie umeiona! Sijui kama alisikia.

Ijumaa, tarehe 12 Julai. Ilongero.

Watu wamejaa uani kwangu tangu jana. Wanataka habari ya bahari, na habari imeshafika kabla yangu, imefika imekosewa, wanasema gari lilizama lenyewe. Ikabidi niisimamie. Nimewaeleza wimbi lilivyokuja, refu kama mnara wa kanisa. Nimewaeleza nilivyoshika kamba kwa meno, Hamahama upande mmoja, mimi upande mmoja, kwa muda wa saa tatu. Nyangumi nimemtia leo asubuhi. Amekaa vizuri.

Antipasi kauliza mama Emilian yuko wapi, mbona siku ya tatu sasa nyumba haifuki moshi. Nikamwambia yuko Mwankoko kwa dada yake. Watu wakashangaa, mpaka wengine wakapiga makofi. Wakauliza nani kawapatanisha hawa baada ya miaka kumi na moja? Nikasema nani mwingine? Safari yote niliipanga kwa ajili hiyo. Mzee mmoja kasimama kunipa mkono.

Jana nilimtuma mtu na mahindi mabichi na salamu. Karudi kasema aliwakuta wanapika pamoja, wanaongea, hawamalizi. Mahindi walipokea. Salamu haikurudi.

Nimewasimulia pia ile ya kwenye gogo, na wao wamecheka mpaka machozi, wakataka niirudie. Nimeirudia mara nne. Kila nililoandika humu ni kweli tupu, na atakayesema vingine aje anitazame machoni. Neno moja tu nimeliongeza, lile la Jumatatu, kwa sababu pale palikuwa patupu na mtu hawezi kuacha patupu kwenye hadithi.

Hakucheka.